Jinsi ya kukagua ujenzi wa nyumba mpya kabla ya kulipa

Rangi mbichi huficha mengi. Kwa hiyo anza na nyumba ambazo kampuni hiyohiyo ilizikabidhi miaka 3 hadi 5 iliyopita, tena uende baada ya mvua. Angalia dari za juu na sehemu ya chini ya kuta. Waulize wakazi nini kiliharibika kwanza, na fundi alikuja baada ya siku ngapi. Hilo la fundi ndilo linaloonyesha utauziwa na nani.

Kwenye nyumba yenyewe nenda na pimamaji, tochi, sarafu, chaki na ndoo.

1. Kuta. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni lipu iliyosinyaa ikikauka, huzibwa. Wa kuogopa ni ule unaotoka pembe ya dirisha ukapanda mshazari, hasa ukizidi milimita 5 au ukionekana pande zote mbili za ukuta. Huenda linta (boriti iliyo juu ya dirisha) ni dhaifu au msingi unatitia: usiendelee bila mhandisi. Kisha kwaruza lipu kwa ufunguo mahali pasipoonekana. Ikimwagika mchanga, saruji ilipunjwa au lipu haikumwagiliwa maji.

2. Bafu. Hapa usiwe na haraka. Mwaga maji mbali na tundu la kutolea maji: sakafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na pasibaki dimbwi kwenye kona. Halafu ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2, weka alama ya chaki ukutani juu kidogo ya maji, pima pengo lake, uache saa 24. Rudi upime tena, umulike dari ya chumba cha chini kwa tochi. Vigae pekee havizuii maji. Kazi hiyo ni ya utando unaopakwa chini yake, na wajenzi wenye pupa huuruka kwenye kona na kuzunguka bomba. Muuzaji akikataa jaribio hili, hesabu kwamba bafu linavuja.

Ukishayaondoa maji, gonga kila kigae kwa sarafu. Kikilia kama debe tupu, kina uwazi chini na kitapasuka kikidondokewa na kitu kizito. Kizungushie chaki.

3. Maji na umeme. Funga mabomba yote, utazame mita ya maji kwa nusu saa. Ikisogea, kuna bomba linalovuja. Soketi zote zipimwe na fundi umeme kama zina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Usikubali kupima mbili tatu tu.

4. Milango. Fungua nusu, uachie. Ukijiendea wenyewe, fremu haikupigwa timazi, yaani haikusimama wima sawasawa.

Piga picha kila kasoro, andika chumba na tarehe, na muuzaji atie saini kabla hujatoa malipo ya mwisho. Ukishamaliza kulipa, fundi ataanza kuchelewa.