Kutunza ukoka na bustani ya nyumbani Dar kipindi cha kipupwe

Masika yakishakata mwezi wa tano watu wengi Dar wanaisahau bustani, wanaona kuna kaubaridi basi wanajua na udongo umetulia, kumbe chini kunakauka haraka sana sababu mvua hamna na upepo wa kusi unapuliza kutwa nzima, hasa kwa nyie wa Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach ambako udongo ni mchanga mtupu.

Kikubwa ni maji. Achaneni na ile ya kupitisha mpira dakika mbili kila jioni, hapo unalowesha vumbi tu, mizizi inabaki juujuu na joto likirudi ukoka wote unaungua. Mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki lakini udongo ushibe, na iwe asubuhi mapema, maana majani yakilala yamelowa unakaribisha fangasi. Ukimaliza chimbua kidogo pembeni kwa kisu, ukikuta unyevu umefika kama urefu wa kiganja hapo sawa, ukikuta pakavu endelea. Na kujua kama ukoka una kiu wala haihitaji utaalamu, ukanyage halafu geuka uangalie, ukiona nyayo zimebaki na majani hayainuki tena, rangi nayo imepauka, usisubiri kesho.

Wanaotumia maji ya kisima waonje kwanza, visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi. Ncha za majani zikianza kuwa kahawia wakati unamwagilia vizuri tu, mshukiwa wa kwanza ni chumvi, kwahiyo maji ya bomba yakitoka siku hiyo mwaga mengi yaisukume chumvi chini. Mbolea ya chumvichumvi punguza kabisa hapo.

Kukata: mwambie fundi asinyoe kipara jamani! Kipindi hiki ukoka unakua taratibu, asitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Majani machache yaliyokatwa yaache hapohapo yaoze.

Kwenye maua na mboga weka matandazo, majani makavu au pumba za mpunga, ila yasigusane na shina. Samadi ya kuku iwe imeoza kabisa, ile mbichi inaunguza mizizi.

Kwa mboga mimi naona huu ndo msimu mtamu kuliko yote, nyanya na sukuma wiki zinapenda hiki kibaridi, na mchicha ukisia leo ndani ya mwezi unachuma. Kagueni tu chini ya majani, vidukari wanajificha hapo, wakiwa wachache wapukutishe kwa maji ya mpira.

Mwembe wako ukianza kutoa maua usiuguse kwa panga, kupogoa subiri mpaka umalize kuvuna.