Kuchoma Enameli kwa Tochi ya Gesi: Kidani cha Shaba Bila Tanuri

Enameli ya mapambo si rangi ya kupaka, bali ni kioo kilichosagwa kikawa unga, ambacho huyeyuka kwenye joto la nyuzi za Selsiasi kati ya 750 na 850 hivi na kushikamana na madini yaliyo chini yake. Ni jamii ile ile ya kioo kinachofunika vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Kwa kuwa shaba nyekundu haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 1085, ipo nafasi ya kutosha kati ya joto linaloyeyusha kioo na lile linaloharibu madini, na nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha mtu mwenye tochi ya gesi kufanya kazi hii bila tanuri. Anachokikosa ni kipimo cha joto. Kwa hiyo hana budi kujifunza kuusoma uso wa kioo chenyewe.

Kwa kazi ya kwanza, kata duara la shaba nyekundu lenye kipenyo cha milimita 25 na unene wa karibu milimita 0.8, kwa sababu kipande kikubwa zaidi hupoteza joto upesi kuliko tochi ndogo inavyoweza kulirudisha. Asiyepata bamba anaweza kuomba vipande vya bomba la shaba kwa fundi wa majokofu, akavipasua, akavipasha moto hadi viwe vyekundu ili vilainike, kisha akavinyoosha kwa nyundo ya mbao, mradi aondoe mafuta yote na aache sehemu zenye viungo vya kuchomelea. Shaba ya manjano iepukwe, kwani ina zinki, ambayo ikipata joto kali hutoa moshi unaodhuru mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo, wavu uliopakwa zinki usitumiwe kama jukwaa la kuchomea. Fedha safi inafaa, lakini fedha iliyochanganywa na shaba, ile ya 925 wanayoitumia masonara, huanza kulegea kwenye nyuzi 800 hivi, na mwanafunzi atakiyeyusha kidani chake kabla hajajua kimetokea nini.

Unga wa enameli ununuliwe kwa watengenezaji wake, na uwe usio na risasi. Thompson Enamel ya Kentucky, Marekani, ni mojawapo ya viwanda vinavyojulikana kwa unga wa aina hiyo. Kusaga chupa za soda ni kujisumbua, kwa maana kioo cha chupa husinyaa kwa kiwango kisicholingana na shaba, na hata kikishika mwanzoni, hupasuka baadaye.

Toboa tundu la mkufu kabla ya jambo lolote lingine, ulainishe kingo kwa tupa, kisha uisugue shaba kwa msasa laini chini ya maji. Shaba iliyotakata hulipokea maji kama utando mmoja. Maji yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, nawe urudie kusugua. Tangu hapo ishike kwa kingo tu, kwani jasho la kidole linatosha kuizuia enameli isishike.

Anza na upande wa nyuma. Wengi hupenda kuuruka, na hapo ndipo vidani vingi huharibikia: shaba husinyaa zaidi ya kioo inapopoa, hivyo kioo kikiwa upande mmoja tu bamba hupinda na enameli hubanduka vipande. Wachoraji wa enameli wa Limoges, Ufaransa, walikuwa wakifunika pande zote mbili za shaba karne nyingi zilizopita, na hakuna njia ya mkato iliyopatikana tangu wakati huo. Tumia rangi nyeusi au ya giza, kwa sababu upande huu ndio utakaopigwa na moto baadaye na kuchafuka.

Vaa barakoa ya vumbi, nyunyiza maji kidogo juu ya shaba, kisha upepete unga kupitia chekecheo laini sana. Chujio la chai lina matundu makubwa mno, ila kipande cha soksi ya nailoni kilichovutwa juu ya mdomo wa kikopo hufanya kazi hiyo vizuri. Tabaka liwe la kuificha shaba tu, nene kidogo zaidi kwenye kingo, ambako unga hupenda kukimbia. Liache likauke kabisa, maana maji yaliyobaki yatachemka na kuurusha unga.

Mahali pa kuchomea pawe penye hewa lakini pasipo upepo, tena pawe kivulini, kwa kuwa kwenye jua kali huwezi kuona shaba inapoanza kuwa nyekundu. Kagua viungo vya gesi kwa povu la sabuni, weka ndoo ya mchanga karibu, vaa miwani ya kinga na nguo za pamba. Kidani kikae juu ya kishikio cha chuma kisichoshika kutu, kikiguswa kwenye kingo tu, na kishikio kiwe juu ya wavu wa chuma hicho hicho wenye miguu mitatu.

Moto utoke chini daima. Ukiupiga juu ya unga, utaupeperusha na kuichafua rangi kwa masizi. Kopo la gesi lisiinamishwe, kwani gesi iliyo bado katika hali ya majimaji ikiingia kwenye mdomo wa tochi mwali huruka ghafla. Zungusha mwali polepole, kisha tazama: unga hugeuka rangi, halafu hukusanyika ukawa na chembe kama sukari, halafu uso huwa na mawimbi kama ganda la chungwa, na mwishowe hutulia ukang'aa. Hapo ondoa moto mara moja. Kazi yote huchukua dakika moja hadi tatu, lakini saa isikuamulie. Rangi za moto moto, hasa nyekundu, huungua upesi, na nyeupe iliyozidishiwa joto hugeuka kijani kingoni.

Kidani kipoe chenyewe juu ya kishikio, wala kisitiwe majini. Upande wa mbele utakuwa umefunikwa na magamba meusi. Uloweke kwa muda mfupi katika siki yenye chumvi, usugue mpaka shaba ing'ae tena, kisha upepete rangi uliyoichagua na kuichoma vivyo hivyo. Tabaka mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, na kila mara lizibue tundu kwa sindano kabla ya kuchoma.

Mwishoni, kingo zilainishwe kwa jiwe la kunoa chini ya maji, ili vumbi la kioo lisiingie puani. Pakitokea mwanya au povu lililopasuka, lichimbe kwa ncha ngumu, safisha, jaza unga mbichi na uchome tena.