Tazama buibui kwanza: wino na karatasi za picha nyeusi na nyeupe

Mteja akiniletea picha ya bibi yake akiwa amevaa buibui, jicho langu haliendi usoni. Nataka kujua mikunjo ya kitambaa kile itatokaje. Ikizama yote ikawa doa moja jeusi, nimeshindwa, hata uso utoke vizuri namna gani.

Amua karatasi mwanzo. Glosi, karatasi ya kung'aa, inabeba weusi mzito kuliko mati, ile isiyong'aa, ila ukiitundika mkabala na dirisha inameremeta hadi sura haionekani. Mati imetulia, ngozi ya mzee inatoka na upole wake, lakini weusi wake ni wa mkaa, haufiki lami. Kwa picha za wazee nachukua mati nene; ya pamba, gramu 308 kwa mita ya mraba, kama mwenye picha anamudu.

Sasa wino. Printa ya matangi ya wino kama Epson L805 ina rangi sita, nyeusi moja tu. Kijivu chake hupatikana kwa kuchanganya rangi nyingine, na mchanganyiko huo hubadilika kulingana na taa. Niliwahi kumkabidhi mama mmoja picha ya marehemu mumewe. Pale mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, ilikuwa safi kabisa. Kesho yake akarudi nayo: “Mwanangu, mbona mzee amekuwa kijani?” Sebuleni kwake kuna taa ya tyubu. Iliniuma, nikamchapia upya. Tangu siku hiyo nauliza picha itakaa chini ya taa gani.

Ukiiamuru printa itumie nyeusi peke yake, ukijani unaondoka, lakini mashavu yanaweza kutoka na vidoa kama mchanga. Dawa hasa ni printa yenye wino wa kijivu. Epson P700 ina kijivu mbili na nyeusi mbili: moja ya karatasi za kung'aa, nyingine ya mati. Usizichanganye. Nyeusi ya mati kwenye glosi haishiki, ukipitisha kidole inatoka. Ya glosi kwenye mati inapauka. Printa huchagua kwa kufuata aina ya karatasi uliyoiandikia kwenye kompyuta, kwa hiyo andika ukweli. Tena wino wake ni wa pigmenti, chembe zisizoyeyuka, unaohimili jua na unyevu wetu wa pwani kuliko wino wa L805, ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji.

Kabla ya kuchapa, bana kona ya karatasi kwa midomo: upande unaonata ndio wa kuchapia. Kata ukanda, chapa vyumba vya kijivu kuanzia 0 hadi 50, kila kimoja kikizidi kwa 5, kwa kipimo cha kompyuta ambacho 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe. Tafuta chumba cha kwanza unachoweza kukitenga na nyeusi. Kwenye mati yangu ni 15, basi mikunjo ya buibui naiinua mwanga kwenye kompyuta ipite hapo.

Usihukumu picha ikiwa mbichi. Ilaze hadi kesho, ndipo uitie kwenye fremu yenye pambizo la kadibodi, kioo kisiguse wino.