Kijani kilichopoa: kijaribu chini ya taa zako

Rangi ya ukuta ya kijani kilichofifia chenye ujivu kidogo, kama majani ya mkaratusi, hutuliza sana sebule au chumba cha kulala, ila hubadilika kufuata mwanga. Usiamini kikadi cha sampuli ya rangi cha dukani. Nunua kopo dogo, piga mikono miwili (tabaka mbili za rangi) kwenye kipande kikubwa cha boksi jeupe, kiache kikauke kabisa (rangi nyingi za maji hukolea zikikauka), kisha kihamishe ukuta hadi ukuta: asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa zikiwaka.

Usiku ndipo wengi hushtuka. Taa nyeupe kali za Kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ndogo ni mwanga wa manjano zaidi) huifanya rangi hii ionekane baridi, imevutwa kwenye kijivu. Kabla ya kulaumu rangi, weka balbu za Kelvini 2700 hadi 3000; namba huandikwa kwenye boksi la balbu.

Samani za mninga hupendeza nayo mno. Ukuta wenye mabonde upakwe isiyong'aa, maana mng'ao huanika kila kovu la plasta. Jikoni lakini chukua inayovumilia kusuguliwa kwa kitambaa chenye maji, hata kama inang'aa kidogo.