Mkanda wa jeshi unapotokea karibu na jicho

Mkanda wa jeshi husababishwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga, ambacho hujificha katika mishipa ya fahamu kwa miaka mingi na kuamka kinga ya mwili inapopungua. Malengelenge yakitokea upande mmoja wa paji la uso au kwenye kope, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa asaikloviri, dawa ya kupambana na kirusi hiki, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Tazama pia ncha ya pua: vipele vikifika hapo, huenda mshipa wa fahamu unaohudumia pua na jicho umeshambuliwa, na ni lazima daktari wa macho akupime hata kama bado unaona vizuri. Usitie jichoni dawa ya mitishamba, wala matone yenye steroidi ambayo daktari huyo hakuyaandika. Nalisisitiza hili kwa sababu kovu la konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, huweza kufifisha uoni kwa kudumu. Omba pia kupimwa VVU, kwa kuwa navyo hupunguza kinga ya mwili, hasa ukiwa kijana. Maumivu ya kuchoma yakiendelea ngozi ikishapona, usiyavumilie kimya, maana yanatokana na mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa, na daktari anaweza kukuandikia amitriptilini au gabapentini.