Mwenzako akitia zote: ufuate au utupe?

Kuna swali linalorudi karibu kila Jumamosi kwenye meza zetu za poka (ile ya karata mbili mkononi, Texas Hold'em) za Nyali na Tudor, Mombasa: mtu katia chipu zake zote katikati, zamu ni yako, ufuate, yaani utie sawa naye, au utupe karata zako? Wengi humkazia macho usoni, wakatazama mkono kama watetemeka, kisha wakaamua kwa moyo. Mimi nasema uso uje mwisho. Hata sokoni Kongowea huchagui nyanya kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 1: jua bei

Tuseme blaindi, yaani madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, ni 500 (ndogo) na 1,000 (kubwa). Ante, dau jingine la lazima la meza nzima, ni 1,000, na hulipwa na aliye kwenye blaindi kubwa, yaani wewe. Wote wametupa karata mpaka kwa jamaa aliye nafasi ya mgawaji, naye katia zote: 8,000. Blaindi ndogo katupa.

Katikati pana 8,000 zake, 500 za blaindi ndogo, 1,000 ya blaindi yako na ante 1,000. Jumla 10,500. Wewe waongeza 7,000 tu. Ukifuata, kitita, yaani chipu zote za katikati, kitakuwa 17,500. Gawa 7,000 kwa 17,500: asilimia 40, na hiyo ndiyo bei. Ukishinda mara 40 katika 100 hupati wala hukosi, na ukizidi hapo kufuata kuna faida, hata kama usiku huo utatolewa.

Watu hukosea sana kwenye ile 1,000 ya blaindi. "Nailinda blaindi yangu." Si yako tena, ndugu yangu, ni ya kitita.

Hatua ya 2: lipime fungu lake lote

Usijaribu kubahatisha karata mbili alizoshika. Jiulize ni karata zipi zote ambazo mtu kama yeye, pale alipokaa, akiwa na chipu zile, angetia zote nazo; hilo ndilo fungu lake.

Kariri viwango hivi vichache vya kushinda. Jozi dhidi ya karata mbili zilizo kubwa kuliko hiyo jozi: karibu nusu kwa nusu, jozi ikitangulia kidogo. Jozi kubwa dhidi ya jozi ndogo: kama 80 kwa 20. Ree (karata ya A) na mfalme dhidi ya ree na malkia: karibu robo tatu kwa robo. Na hili huwashangaza wengi: saba na sita dhidi ya ree na mfalme bado zina karibu asilimia 40.

Halafu hesabu njia, yaani namna ngapi karata hizo mbili zaweza kupatikana kwenye pakiti. Jozi ya ree hupatikana kwa njia 6 tu, lakini ree na mfalme hupatikana kwa njia 16. Ukishika ree moja mkononi mwako, jozi ya ree kwake inabaki na njia 3. Kwa hiyo lile jinamizi la "lazima ana jozi ya ree" mara nyingi ni woga tu, na woga hauna asilimia.

Turudi mezani. Una mfalme na ghulamu (karata ya J). Kama jamaa hutia zote kwa jozi yoyote au karata yoyote yenye ree, na basi, wewe una kama asilimia 40. Uko ukingoni. Lakini mwenye chipu za blaindi kubwa nane tu katika nafasi ile, wote wakiwa wameshatupa, kwa kawaida huongeza malkia na kumi, mfalme na tisa na nyingine za namna hiyo. Hapo wewe wapanda juu ya bei. Fuata.

Hatua ya 3: chipu si shilingi

Hapa ndipo mabingwa wa meza za pesa taslimu huumia wakija kwenye mashindano. Kwenye mashindano, chipu unazopoteza zina thamani kuliko zile unazopata.

Chukua mfano. Mmebaki watatu, chipu sawa. Zawadi ni shilingi 50,000, 30,000 na 20,000. Kila mmoja kwa wastani ana haki ya 33,333. Mmoja anatia zote, na blaindi tuziache kwanza. Ukifuata ukashindwa, waondoka na 20,000. Ukishinda, wabaki na theluthi mbili za chipu dhidi ya mmoja, na thamani yako inakuwa 43,333 (theluthi mbili za 50,000 na theluthi moja ya 30,000). Wahatarisha 13,333 ili upate 10,000. Gawa 13,333 kwa 23,333: unahitaji asilimia 57, wakati chipu peke yake zingesema 50.

Hesabu hii ya kugeuza chipu kuwa thamani ya zawadi huitwa ICM (Independent Chip Model), na msingi wake ni kanuni aliyoiandika David Harville mwaka 1973, akiwa na mbio za farasi akilini. Huhitaji kuikokotoa mezani. Jua tu kwamba ngazi ya zawadi ikikaribia, bei hupanda, na hupanda zaidi ikiwa anayekutishia ana chipu nyingi kuliko wewe huku pembeni kuna mtu anayekaribia kwisha.

Hatua ya 4

Tazama kama kuna mtu ambaye zamu yake ni baada yako na hajaamua. Kisha, ukitaka, mtazame jamaa usoni.

Maswali ya wanachama

*Likoni: Mwalimu, nikishalipa blaindi kubwa na ante nikabaki na 1,000 tu, nisubiri karata nzuri?*

Usisubiri. Kwa blaindi zile zile, mmoja akitia zote na blaindi ndogo ikitupa, unaongeza 1,000 kwenye kitita kitakachokuwa 5,500, kama asilimia 18. Karibu karata yoyote inatosha. Labda kama kuna mwenzako atakayetolewa sasa hivi na zawadi ziko mlangoni.

*Kisauni: Kaka, nimeona mtu katupa jozi ya ree. Ni wazimu?*

Inategemea. Kama ni mashindano ya kugombea tiketi za kuingia mashindano makubwa zaidi, tiketi 10 zenye thamani sawa, mmebaki 11 nawe una chipu tele, kufuata ni kuhatarisha tiketi uliyokwisha kuishika. Hakuna tiketi ya pili ya kushinda. Alifanya sawa.

*Mji wa Kale: Sisi hatuchezi kwa pesa, kamari kwetu ni haramu. Twacheza chipu tupu, wa mwisho ndiye bingwa. Hatua ya tatu yatuhusu?*

Haiwahusu, sheikh wangu. Pakiwa na mshindi mmoja tu na wa pili hapati kitu, chipu hubaki na thamani yake. Komeeni hatua ya pili.

*Bamburi: Mezani sina muda wa kugawanya. Kuna njia ya mkato?*

Linganisha unachoongeza na kilichoko katikati, pamoja na dau lake. Ukiongeza sawasawa nacho, unahitaji 50. Theluthi mbili, 40. Nusu, 33. Theluthi moja, 25. Ule mfano wetu wa 7,000 kwa 10,500 ni theluthi mbili.