Jinsi ya kuanza kusikiliza makachero wa kike wa redio za zamani za Marekani

Kama unapenda stori za upelelezi na umekulia nyumba ambayo mchezo wa redio ukianza wote mnanyamaza, basi watafute hawa makachero wa kike wa redio za Marekani, miaka ya 30 mpaka mwanzoni mwa 50. Mi huu mwaka wa tatu nawasikiliza usiku nikiwa napiga pasi, na naona watu wengi wanaanza vibaya, wanadondokea kipindi ambacho mwanamke kazi yake kupiga mayowe na kuokolewa, alafu wanaacha.

Anza na Candy Matson. Usianze na mwingine yeyote. Mtandao wa redio wa NBC walikirusha kutoka San Francisco 1949 hadi 1951, kila sehemu nusu saa, na kila sehemu inaanza simu ikilia, Candy anapokea. Jina kamili la kipindi lina namba yake ya simu ndani, YUkon 2-8209, na hizo herufi zisikuchanganye, zamani namba za kule zilianza na herufi, Y ilikuwa kwenye 9 na U kwenye 8, kwahiyo ni 982-8209. Anaishi Telegraph Hill, mtaa wa kilimani hapo San Francisco, ana rafiki mpiga picha anaitwa Rembrandt Watson, na kuna askari Ray Mallard ambaye wanapendana ila kila mtu anajikausha.

Na hii ndo sababu nasema uanze nae: mwandishi, Monte Masters, alikuwa amepanga kachero awe mwanaume, mama mkwe wake ndo akamwambia kwanini asiwe mwanamke, akamsikiliza, na sauti ya Candy akapewa mkewe Natalie. Hebu fikiria, kipindi chote kimetoka kwenye neno la mama mkwe!

Kupata ni rahisi, ingia Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, andika jina la kipindi, bure. Faili la nusu saa la MP3 ya kawaida, 64 kbps, ni kama MB 14 tu, kwahiyo hata bando dogo linatosha, pakua kadhaa kwa mpigo ili umeme au mtandao ukikatika uwe nazo kwenye simu. Angalia tu majina ya mafaili, sehemu moja unaweza kuikuta imewekwa mara mbili kwa majina tofauti.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Vaa hedfoni. Sauti ina mikwaruzo manake nyingi zimetoka kwenye santuri za zamani, usiogope, dakika tano sikio linazoea. Kuwa na karatasi, kila jina linalotajwa andika, hamna sura hapa kwahiyo waandishi wanafanya wahusika waitane majina kila mara, na jina lililotajwa mwanzoni alafu likapotea, liwekee alama. Kinanda kikipiga ujue mnahama mahali au siku imepita. Sikiliza mlango, viatu, gari linavyowashwa, mara nyingi unaambiwa mtu ameingia kabla hajasema neno. Kiingereza chao ni cha haraka na cha mtaani, mi kila sehemu nasikia mara mbili, mara ya kwanza nafuata stori tu, ya pili ndo naokota maneno. Ukiona bado kigumu punguza spidi kidogo, hamna ubaya.

Alafu kigezo changu cha kuchagua kipindi ni kimoja: nani anasema "mimi"? Candy anasimulia mwenyewe, unasikia anavyowaza, anachoogopa, anavyomshtukia mtu, yani upo ndani ya kichwa chake. Kipindi ambacho msimulizi ni mwanaume na mwanamke anaulizwa tu maswali, kiache kwanza, utakirudia baadae.

Ukishanogewa nenda kwa Ann Scotland, anaigizwa na Arlene Francis, redio ya ABC 1946 na 47, zilizobaki ni chache mno ila huyo mama ana ulimi. Kisha Martha wa kipindi cha Defense Attorney, huyu ni wakili lakini anatoka ofisini kutafuta ukweli mwenyewe, sauti ni ya Mercedes McCambridge aliyechukua Oscar mwaka 1950, mi kwa sauti peke yake namuweka juu ya wote. Anayependa matukio ya kweli atafute Policewoman ya 1946, kesi za Mary Sullivan, askari wa kweli wa New York, Betty Garde ndo anaigiza. Pam North na mumewe, wa kipindi cha Mr. and Mrs. North, ni wa kustarehesha tu.

Wa kale zaidi ni Phyl Coe, 1936. Soma hilo jina kwa sauti, utasikia Philco, kampuni ya kutengeneza redio, ndo walikuwa wadhamini, na wasikilizaji walishindania zawadi kwa kufumbua kesi. Cheza hivyo hivyo nyumbani, kabla kachero hajamtaja muuaji simamisha, kila mtu aandike jina la anayemshuku.

Kitu cha mwisho, ile sehemu ya Mei 1951, kesi ya mwisho ya Candy, usiiguse mpaka umalize zingine zote. Siku hiyo Mallard anasema lililo moyoni, na ukiwa umeshamsikia anavyozungukazunguka kwenye zile za nyuma ndo utaelewa kwanini mi nilizima pasi nikakaa.